Barua za Nyumbani na Barua za Dukani

Duka la Picha
3 Februari 1934

Fundi wa Waya,

Natumai umefika kambini salama na mguu haukuvimba kwa kukaa siku mbili kwenye behewa. Nakuandikia mchana huu kwa sababu Mzee wa Picha ametoka kununua dawa za kusafishia picha, na mkewe amesinzia nyuma ya kaunta.

Kwanza asante. Sina mtu mwingine ambaye ningemwendea na jambo lile bila kuchekwa. Ulikuja dukani mara nne tu, kwa ajili ya picha ya marehemu mkeo niliyokuwa naipaka rangi, na mara zote nne nilikuuliza gauni lake lilikuwa rangi gani. Ukasema rangi ya chai iliyolala. Nikajiambia, mtu anayekumbuka gauni namna hiyo hatatoa siri.

Sasa niandike tulichokubaliana, maana juzi tuliongea harakaharaka uani huku Shangazi akichungulia dirishani. Baba ameshasema neno lake na halirudishi: mdogo wangu hataolewa mbele yangu. Mwoka mikate amemsubiri miaka miwili, na mama wa huyo kijana sasa anatishia kumtafutia mwingine. Mimi sitaki mume. Nataka brashi zangu na kiti changu hapa dukani. Kwa hiyo mimi na wewe ni wachumba mpaka mdogo wangu aolewe mwezi wa nane. Katikati ya mwezi wa tisa utaandika barua ya kuvunja, lawama ziwe zako kama ulivyojitolea mwenyewe, nami nitalia siku mbili tatu, basi. Na mama yako ataacha kukuletea mabinti mlangoni kila ukienda likizo.

Barua za nyumbani atazifungua Shangazi. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na anaamini kila karatasi yenye maandishi ni ya kwake kusahihisha. Atasoma kwa sauti baada ya chakula, maana Baba hajui kusoma. Basi za nyumbani ziwe uongo, andika lolote. Ukiwa na neno la kweli, lete dukani. Tusichanganye.

Baba amekupenda. Amesema una viganja vya mtu anayefanya kazi. Hilo sikulipangia.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 88
17 Februari 1934
Ipelekwe Duka la Picha

Mpaka Rangi,

Nimefika, mguu mzima. Udongo ukiwa laini tunasimamisha nguzo mbili kwa siku, ukiwa mawe tunasimamisha moja na matusi mengi. Mimi ndiye ninayepanda kufunga vikombe vya kaure vinavyoshika waya. Kambi inasogea kila wiki, kwa hiyo barua zitazidi kuchelewa. Waya huu wa simu ukimalizika neno litafika kwenu kwa dakika moja, lakini sisi tunaoutandaza hatuna ruhusa ya kuutumia.

Picha ya marehemu iko kwenye sanduku la vyombo, nimeivingirisha kwenye flaneli. Rangi ile uliipata. Siku uliponionyesha nililipa upesi nikaondoka. Kuna jambo moja ambalo picha haiwezi. Alikuwa akishona anashika uzi kwa midomo, na anaendelea kuongea vilevile, nami namwelewa. Miaka sita nimeelewa maneno ya mtu mwenye uzi mdomoni. Siku hizi watu wananiambia mambo wazi kabisa, nawauliza mara mbili.

Katika gunia hilihili la posta nimetia barua ya nyumbani. Sina mazoea ya uongo. Niambie kama imefaa.

Fundi wa Waya


Kambi ya Waya, nguzo ya 88
17 Februari 1934
Ipelekwe Nyumbani kwa Seremala

Mchumba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Natumai wewe ni mzima, Baba ni mzima, Shangazi ni mzima na mdogo wetu ni mzima. Hali ya hewa ni kavu. Nguzo ni nzuri. Nakukumbuka kila siku, na Jumapili pia.

Naishia hapa kwa kuwa nafasi imekwisha.

Mchumba wako


Duka la Picha
3 Machi 1934

Fundi,

Haijafaa.

Shangazi aliishika ile karatasi akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Nusu ya ukurasa nyeupe pe, halafu mtu anasema nafasi imekwisha. Hii ni barua ya uchumba au ya karani wa forodha?"

Mdogo wangu akakutetea. "Ana haya, Shangazi."

"Haya ya nini, na ruhusa ya kupenda ameshapewa?"

Baba alikuwa anachokoa meno. Akasema, "Mwacheni. Mtu wa maneno machache hupigilia msumari mara moja." Kesho yake akaanza kuchagua mbao za kabati. Anasema litakuwa letu, mimi na wewe. Nimejaribu kumwambia asiharakishe, akanijibu kwamba mbao nzuri hazisubiri.

Tafadhali andika kama mtu aliyechumbia. Shangazi akianza kukutilia shaka, mdogo wangu ameharibikiwa. Jifanye, kwa mfano, umeiona nyumba tutakayokaa. Mabinti wote waliochumbiwa hapa mtaani wanaandikiwa habari za nyumba.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 203
14 Aprili 1934
Ipelekwe Nyumbani kwa Seremala

Mchumba wangu,

Leo nilikuwa juu ya nguzo, nikawaza nyumba. Si kubwa, ina vyumba viwili. Kimoja nimekipa madirisha mawili, yote upande usiopigwa na jua, kwa sababu uliniambia jua likikuingia machoni rangi zinakudanganya, unamtia mteja mashavu mekundu kama mlevi. Meza yako iko hapo. Pembeni nimegongomelea ubao mdogo wa kupumzishia mkono. Dukani niliona unauegemeza kwenye kopo la biskuti, nalo linateleza.

Nikitoka kazini sifungui mlango mara moja. Nasimama nje nasikiliza. Ukiwa unapaka rangi, kila mara kabla brashi haijagusa karatasi unashusha pumzi, ndogo sana. Nasubiri nisikie hiyo pumzi, ndipo naingia. Sitaki kukuharibia mkono.

Nilidhani nimeshazoea kukaa katika nyumba isiyo na sauti. Kumbe sikuzoea, nilinyamaza tu.

Mwambie Baba kabati lisiwe refu sana. Dari ya nyumba yetu ni ya chini.

Mchumba wako


Duka la Picha
2 Mei 1934

Fundi,

Unadanganya vizuri mno. Umejifunza wapi?

Shangazi alisoma mpaka kwenye mlango, akasimama, akavua miwani akaifuta kwa kanga, kisha akaanza tena tangu mwanzo bila kuombwa. Mdogo wangu akamwambia mwoka mikate, "Umesikia wenzio wanavyoandika?" Masikini kijana wa watu ameanza kumwandikia na yeye, na nyumba zao zimepakana. Baba alitoka nje, tukasikia randa inafanya kazi karakana, ingawa alikuwa amekwisha funga kazi. Anapunguza kimo cha kabati. Mimi niliosha vyombo, na vilipokwisha nikavirudia.

Nakuomba upunguze kidogo. Mwezi wa tisa hautakawia, na watu hawa ndio watakaosomewa ile barua nyingine.

Ile habari ya kushusha pumzi, uliitunga? Sikujua kwamba nafanya hivyo. Tangu siku ile najisikia kila nikiinua brashi. Wiki iliyopita nimemharibia mdomo bibi harusi mmoja, ikabidi nianze upya.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 251
20 Mei 1934
Ipelekwe Duka la Picha

Mpaka Rangi,

Nimekuelewa. Nitapunguza. Uliniambia nijifanye nimeiona nyumba, nikajifanya.

Pole kwa mdomo wa bibi harusi.

Huku hakuna jipya. Kijana mmoja wa genge letu ameoa likizo, amerudi anaimba akiwa juu ya nguzo, tunamtupia vijiwe anyamaze. Marehemu alikuwa haimbi. Alikuwa anahesabu ngazi kimoyomoyo akipanda na midomo inacheza. Ngazi kumi na moja. Nyumba tuliyokuwa tukikaa ilipangishwa watu wengine, na nikipita naona wamebomoa moja, sasa ni kumi.

Fundi wa Waya


Nyumbani kwa Seremala
10 Juni 1934

Mchumba wangu,

Shangazi amekaa mkono wangu wa kushoto na amesema nisiache nafasi nyeupe kama wewe. Anakusalimu.

Nilikuwa mtu wa kusema sitaki kuolewa. Shangazi hapa anatikisa kichwa, anajua nilivyokuwa nikisema. Nilisema hivyo kwa sababu wote waliokuja waliuliza napika nini, na mmoja akauliza nitaacha kazi lini. Hakuna aliyewahi kuuliza dirisha langu liwe upande gani. Wewe hukuuliza pia, ulikuwa umeshaona.

Sasa nikiwa dukani mlango ukifunguliwa nyuma yangu, sigeuki. Nashusha pumzi kwanza, kisha nasubiri kama kuna mtu ataingia baada yake. Huingia wateja.

Mwezi wa tisa ukifika nakuomba isije barua. Njoo mwenyewe. Sijali kama utakuja na vumbi lote la njia. Sijui kuandika zaidi ya hapa, na Shangazi anasema mistari yangu inapanda mlima.

Wako


Kambi ya Waya, nguzo ya 302
28 Juni 1934
Ipelekwe Duka la Picha

Mpaka Rangi,

Barua ya nyumbani nimeipata. Nimecheka peke yangu. Shangazi alikubana kweli siku ile, nilikuwa kama namwona begani kwako. "Njoo mwenyewe." Mtu asiyejua mambo yetu angefunga mizigo.

Nikuambie ukweli, nilifungua sanduku. Nikatoa shati jeupe, nikalikung'uta. Halafu nikakumbuka karatasi ile imeandikiwa wapi na mbele ya nani, nikalirudisha.

Usiwe na hofu. Mwezi wa tisa nitafanya kama tulivyosema. Mdogo wako aolewe kwa amani.

Fundi wa Waya


Duka la Picha
14 Agosti 1934

Fundi,

Mdogo wangu ameolewa Jumamosi. Alipendeza. Mwoka mikate alikuwa na unga nyuma ya sikio hata siku hiyo. Picha yao nimeipaka mwenyewe, na huo unga nimeuacha.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Nimefurahi kwamba ulicheka.

Baada ya wageni kuondoka Baba alinishika mkono akanipeleka karakana. Kabati limekwisha, limebaki vishikio. Anauliza unapenda vya mbao au vya shaba. Nikamwambia nitakuuliza. Akasema, "Sasa zamu yako, mama. Nikikuona wewe kwako, mimi nimemaliza." Akipanda ngazi anashika kifua, anasema ni vumbi la mbao.

Nimechoka, Fundi. Nimechoka kusema uongo kwenye meza ambayo Baba ameitengeneza kwa mikono yake. Sijui nimalizie wapi. Sema wewe tufanye nini.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 391
29 Agosti 1934
Ipelekwe Nyumbani kwa Seremala

Kwa Binti wa Seremala,

Nimefikiri sana na nimeona nisikupotezee wakati. Hapa kambini nimepata mwanamke mwingine, binti wa mpishi wetu, na tumeshakubaliana. Uchumba wetu umekwisha tangu leo.

Hukukosa kitu. Mimi ndiye nisiyetulia. Mwambie Baba anisamehe kwa kabati.

Usinisubiri na usinijibu.

Fundi wa Waya


Duka la Picha
3 Septemba 1934

Fundi,

Usiitume ile barua. Kama umekwisha iandika, ichane.

Nimeshika kalamu hii tangu asubuhi na wateja wawili wameondoka kwa hasira. Ile niliyokuandikia mwezi wa sita, Shangazi hakunibana. Alikuwa ameniambia niulize habari za mvua. Yale mengine yalitoka kwangu. Nilijua ukiyasoma utafikiri ni mchezo, na kwa sababu hiyo nikapata moyo wa kuyasema. Ukacheka. Nilistahili.

Sasa nayasema hapa dukani, mahali tulipokubaliana pa kusemea ukweli. Nakutaka wewe. Kama wewe hunitaki, niambie hapahapa, tutaendelea na mpango kwa utaratibu, nitafute namna ya kumwandaa Baba polepole. Lakini usiitume kwanza.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 397
6 Septemba 1934
Ipelekwe Duka la Picha

Mpaka Rangi,

Ile barua imekwenda wiki iliyopita. Ni mapema kuliko tulivyosema, lakini ulisema umechoka, nikaona nisikuongezee siku hata moja. Mpishi wetu ni mzee wa watu, hana mke wala binti.

Tangu iondoke sijalala vizuri, basi nitakuambia jambo, ulichukue utakavyo. Nyumba ile sikuitunga. Pumzi ile niliisikia dukani kwako, mara zote nne. Nilishindwa kukuambia kwenye barua za dukani kwa kuwa hapa ungenijibu, na jibu nililiogopa. Nyumbani nilikuwa huru kusema. Katika barua zangu zote, ukitaka kunijua, shika za nyumbani. Za dukani nilikuwa najificha.

Nilifikiri mtu akishazika mara moja hana tena cha kuogopa. Si kweli.

Ukiniandikia neno moja tu, nitamwandikia Shangazi kwamba nilikuwa na homa na nimeandika upuuzi. Nitakuja kwa miguu, kufuata nguzo zangu mwenyewe.

Fundi wa Waya


Duka la Picha
25 Septemba 1934

Fundi,

Baba amefariki tarehe kumi na tano.

Barua yako ya nyumbani ilifika tarehe kumi na mbili. Nilikuwa nimechelewa kazini, nikakuta wameshakula na Shangazi ameshaifungua, na mdogo wangu na mumewe walikuwepo, walikuja kutembea. Shangazi alianza kwa ile sauti yake nzuri, aliyokuwa ameizoea kwa barua zako. Alipofika kwenye mwanamke mwingine sauti haikubadilika mara moja. Aliendelea mistari miwili kabla hajaelewa anasoma nini.

Baba akaniuliza, "Wewe ulijua jambo hili?"

Nikasema sikujua.

"Hata dalili?"

Nikasema hata dalili.

Akaitika tu. Akaenda karakana. Tulisikia anafungua kisanduku cha vishikio, vya shaba, alikuwa amenunua bila kusubiri jibu lako. Hakusema tena neno la maana na mimi. Siku ya tatu mdogo wangu alimkuta ameketi chini, ameegemea kabati, mkono kifuani.

Daktari anasema moyo ulikuwa mbovu zamani. Shangazi anasema moyo ulikuwa mzima mpaka tarehe kumi na mbili.

Barua yako nyingine, ya mpishi asiye na binti, ilifika siku nne baada ya maziko. Niliisomea chumba cha giza cha kusafishia picha, kwenye taa nyekundu, mahali ambapo Mzee haruhusu mtu kuingia. Yangu ya tarehe tatu nadhani unayo sasa. Hesabu mwenyewe zilipishana wapi.

Mpaka Rangi


Kambi ya Waya, nguzo ya 440
10 Oktoba 1934
Ipelekwe Duka la Picha

Mpenzi wangu,

Nakuita hivyo hapa, na sitakuita vingine tena.

Pole. Najua neno hilo lilivyo dogo, nililisikia mara mia nilipozika, na bado namkumbuka kila aliyelisema vizuri. Baba yako alinishika kiganja, akakigeuza kama anavyogeuza ubao. Nilikuwa nimepania, nikija, nimwombe anifundishe kuunga pembe.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi atanipa wiki tatu mwishoni mwa mwezi ujao. Nitakuja nikae mbele ya Shangazi na mdogo wako na mumewe, nieleze yote tangu ile siku ya uani. Watanitukana, wana haki. Lakini mtu hawezi kuishi maisha yote ndani ya jambo lililoanza kama msaada. Kubali tu, nami nitafunga mizigo, safari hii kweli.

Wako


Duka la Picha
27 Oktoba 1934

Mpenzi,

Usije.

Nakueleza kwa nini, na usinibishie, maana hii ndiyo barua yangu ya mwisho kutoka hapa. Mke wa Mzee wa Picha ameanza kuuliza mteja gani huyu anayeandika kila mwezi na halipii picha. Za dukani nimezichoma zote. Bahasha nilizitupa.

Wakati wa msiba walikaa watu ukumbini, na kila aliyeingia alisimuliwa habari zako. Walikulaani, wanawake kwa wanaume. Mimi nilikuwa napitisha maji ya kunywa. Ningeweza kusimama nikasema, mwacheni, mimi ndiye niliyemwambia aandike. Nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza mdogo wangu alinishika akalia begani kwangu: "Dada, wewe ulichumbiwa ili mimi nipate njia, sasa mimi nimepata na wewe umekosa, na Baba ametutoka." Ana mimba ya miezi miwili. Nikimwambia ukweli atajua kwamba ndoa yake ndiyo iliyomletea Baba barua ile. Atambeba mtoto huyo na neno hilo pamoja.

Mara ya pili hakuna aliyenishika. Nilikaa tu. Niliogopa. Shangazi amesema mbele ya wote kwamba yeyote aliyeshiriki kumdanganya marehemu hatalala chini ya paa lake, na mimi sina paa lingine. Hilo nakuambia ili usinifikirie mwema kuliko nilivyo.

Kwa Baba neno langu la mwisho lilikuwa uongo. Siwezi kuhamia kwenye furaha kupitia hapo.

Barua zako za nyumbani anazo Shangazi, amezifungia. Sizihitaji karatasi. Tangu uliponiambia kwamba ukweli wako ulikuwa kwenye zile, kila lililosomwa mezani pale nimelirudia kimoyomoyo na nimeliamini lote. Ndiyo mali yangu. Niachie hiyo.

Wako, nyumbani na dukani


Nyumbani kwa Seremala
13 Novemba 1934

Kwa Fundi wa Waya,

Sikusalimu.

Jana mke wa Mzee wa Picha ameniletea bahasha tano, tupu. Alizikuta kwenye pipa la takataka. Mwandiko ni wako. Nimeusoma kwa sauti miezi saba, siwezi kuukosea. Nimemuuliza binti wa ndugu yangu. Amenitazama, hakujibu. Nimemwachisha kazi pale, na tangu leo barua yoyote itakayokuja kwa jina lake popote italetwa kwangu.

Nimefundisha watoto wadogo miaka thelathini. Najua wawili waliokuwa wananong'onezana darasani wanavyokaa. Nina swali moja. Je, uchumba ule ulikuwa mchezo mlioupanga wawili, na barua ile iliyomuua ndugu yangu, huyu binti aliijua?

Kama aliijua, ataondoka hapa siku hiyohiyo, na mdogo wake ataambiwa sababu. Kama hakujua, atabaki mwanangu, wala sitaligusa tena jambo hili. Wewe sina haja nawe. Nataka jibu tu, na ulitie sahihi.

Shangazi mtu


Kambi ya Waya, nguzo ya 486
30 Novemba 1934
Ipelekwe Nyumbani kwa Seremala

Shangazi,

Shikamoo, ingawa hutaipokea.

Jibu langu ni hapana. Hakukuwa na mpango. Binti yenu hakujua lolote. Alichumbiwa kwa moyo safi na alisubiri kwa moyo safi, na barua ile ilimshtua kama ilivyowashtua ninyi.

Bahasha ulizoletewa zilikuwa na mambo ya picha ya marehemu mke wangu. Niliitaka nakala ya pili, kisha ya tatu, nikawa nalalamikia rangi. Niliandika dukani kwa sababu niliona aibu mchumba asomewe mezani habari za mke wa kwanza. Kama hakukujibu ulipomuuliza, nadhani ni hiyo aibu. Ni yangu, si yake.

Umeuliza swali moja, nami naongeza jibu la lile ambalo hukuuliza, ili yaishe. Sikumpenda. Nilikuwa na mke mmoja, akafa, na upweke wa kambini ukanifanya nichezee maneno. Habari za nyumba na za madirisha nilizitunga nikiwa juu ya nguzo kwa kukosa cha kufanya. Sikuwahi kusimama mlangoni kwa mtu yeyote nikisikiliza pumzi. Nilipoandika ile ya mwezi wa nane nilikuwa na akili zangu timamu, na hakuna aliyeniomba niiandike.

Wiki hii tunavuka kwenda upande wa pili wa milima, na huko posta haiji. Asinitafute.

Nina ombi moja, nalo ni kwa faida ya nyumba yenu, ili mdogo wake asibaki na shaka. Barua hii ni ya nyumbani kama ile ya kwanza, usimsimulie tu. Isome mezani, wote wakiwepo, na yeye akiwepo. Isome polepole, kama ulivyokuwa ukiwasomea watoto wako wa darasa la kwanza, asikose hata neno.

Fundi wa Waya